Gari Alilotuachia Mwana wa Mwenye Duka

Kijana mwenye gari alikufa kabla gari lake halijatembea. Alikufa masika, kwa malaria iliyompanda kichwani, na mimi ndiye niliyeendesha lori kwenda kutafuta kuni za kumchomea, kama ilivyo desturi ya dini yao. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kila mti ulitiririka maji, nami nilifika hadi karibu na kwetu Sepuka kabla sijampata mzee mmoja mwenye kuni kavu alizozipanga chini ya paa. Nilipomweleza ni za nini, hakutaka kusikia habari ya bei. Alinisaidia kupakia, akasema, "Mpe pole baba yake," akarudi ndani.

Baba huyo alikuwa mwenye duka pale Singida mjini, Mhindu, mtu mzima mwenye mwili mzito na maneno machache. Nilikuwa dereva wake tangu niliporudi vitani. Nilibeba karanga, ngozi na samli mpaka stesheni ya Itigi, nikarudi na vitambaa, sukari na mafuta ya taa. Wakati mwingine nilipitia Mitundu kuchukua asali na nta. Lori likiharibika njiani nililitengeneza mwenyewe, maana porini humngoji fundi. Ndiyo sababu kijana alinifuata mimi alipopata wazo lake.

Alikuwa mtoto wa pekee wa mwenye duka na mkewe. Alisomea Nairobi, na huko aliona katika majarida magari madogo ya wazi, ya watu wawili, ambayo mtu huagiza vipande vyake Ulaya akaviunga mwenyewe nyumbani juu ya chasisi ya gari kuukuu. Pale mjini kulikuwa na kilabu ya Wazungu, na kila kiangazi walifanya mashindano kwenye uwanda mweupe kando ya ziwa, maji yakisharudi nyuma na kuacha ardhi ngumu yenye chumvi. Hawakuyashindanisha magari yote kwa pamoja. Walipanga mapipa matupu, njia ikapita katikati yake kwa kona nyingi, kila gari likaingia peke yake, na Mzungu mmoja akashika saa. Wahindi wachache wenye magari walikuwa wameshaanza kuruhusiwa. Kijana alitaka kushindana huko.

Vipande vikaja ndani ya makasha ya mbao, nikavipakia mwenyewe Itigi. Chasisi tuliitoa kwenye gari dogo lililopinduka mtoni, injini nayo ikatoka humo humo. Tulifanyia kazi katika banda la mabati la baba yake, mtaa wa Utemini, jioni na siku za Jumapili. Kijana alikuwa na mikono laini lakini alikuwa mvumilivu. Akikosea kufunga kitu alikifungua chote, akaanza upya, bila kusonya.

Baba yake hakulipenda gari lile. Jioni moja aliingia bandani, akasimama, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Mtu mwenye akili anajenga nyumba. Mjinga anajenga sanduku la kuchezea."

Kijana aliendelea kukaza nati aliyokuwa akiikaza. Sikuwasikia wakisemeshana tena baada ya hapo, na homa ilianza juma lile lile.

Matanga yao yalipokwisha, niliendelea na safari zangu za Itigi. Banda lilifungwa. Kisha siku moja mwenye duka akanikuta nikiosha lori. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, nywele zikianza kuota nyeupe tupu.

"Dereva," akaniambia, "lile gari limebakiza nini?"

"Breki bado, Bwana. Na nyaya za taa. Springi tumezifunga lakini hatujazijaribu."

"Wewe unaweza kumaliza?"

Nikamwambia naweza. Akanipa ufunguo wa banda, akaenda zake. Nilidhani anataka kuliuza. Lakini jioni nilipofungua banda alikuja, akageuza kasha tupu la sabuni, akalikalia, akanitazama nikifanya kazi mpaka giza lilipoingia. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu aliniuliza, "Hii inaitwaje?" Nikamwambia ni shokapu, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo. Akaishika, akaipima uzito mkononi, akaniuliza nani aliichagua. Nikasema mwanawe.

Tulipolitoa gari kwa mara ya kwanza kwenye uwanda wa ziwa, liliruka kama mbuzi. Uwanda ule ukiutazama kwa mbali unadhani ni meza, lakini una matuta madogo madogo yaliyoachwa na maji, na kila tuta lilinyanyua magurudumu juu. Gurudumu lililo hewani halipindi gari, hata ukate usukani namna gani. Nilirudi mahali mwenye duka aliposimama, meno yakiniuma kwa kutikiswa.

"Springi ni ngumu mno," nikamwambia. "Zilitengenezwa kubeba bodi ya chuma, na hii bodi mpya ni nyepesi. Mwanao alisema tangu mwanzo tutoe bamba moja kati ya yale yaliyopangwa kwenye springi, kila upande nyuma. Mimi nikakataa. Niliogopa zitavunjika."

"Alisema lini?"

"Tulipokuwa tunazifunga. Alichora mchangani kwa kijiti, akanionyesha."

"Alisema vipi? Niambie maneno yake."

Nikayakumbuka kadiri nilivyoweza. Kijana alisema springi ni kama mgongo wa punda: punda aliyezoea magunia mawili, ukimpandisha mtoto tu, atamtupa. Baba yake akacheka kidogo kwa pua, kisha akageukia ziwani, upepo ukimpiga usoni.

Nilitoa yale mabamba. Kijana alikuwa amesema kweli; gari lilitulia, likawa linaivuka mikunjo ya ardhi badala ya kupigana nayo. Na tangu siku ile kila kitu nilichokigusa ilibidi nikieleze na habari zake. Kwa nini kiti kimesogezwa nyuma hivi? Kwa sababu ya miguu yake mirefu. Kwa nini usukani una kamba iliyozungushwa? Mikono yake ilitoka jasho. Mzee yule alikuwa akimjua mwanawe upya kupitia nati na waya, na mimi ndiye niliyekuwa nayo maneno, yeye hana. Jambo hilo lilinielemea. Kuna jioni nilitamani safari ya Itigi ili nisiulizwe kitu.

Kosa la matairi lilikuwa langu. Vitani tulikuwa tukiingia kwenye mchanga tunapunguza upepo, tairi linatanuka, linashika. Nikafikiri vumbi la ziwani litataka vivyo hivyo, nikapunguza sana. Kona mbili za kwanza gari lilishika kama limegandishwa na gundi. Kona ya tatu tairi la mbele la kushoto likajikunja, likatoka kwenye ringi, na gari likazunguka mara mbili katika wingu la vumbi, likasimama limetazama lilikotoka.

Sikuumia. Lakini vumbi lilipotulia nilimwona mwenye duka anakimbia kuja kwangu, mtu mzito yule, kofia yake nyeusi imeanguka nyuma yake. Alifika, akanishika mabega, akanipapasa mikono na kichwa kama anayetafuta jeraha. Alikuwa akisema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa.

"Bwana, mimi ni mzima. Ni upepo tu. Nimepunguza kupita kiasi."

"Basi," akasema. "Tuache. Basi."

Alikaa chini pale pale kwenye chumvi. Nilibadilisha gurudumu. Tuliporudi mjini nilijua mambo yamekwisha. Lakini siku iliyofuata alikuja bandani na chaki ile ya mafundi cherehani, akaniuliza kama kuna namna ya kujua kiasi cha upepo bila mtu kujitupa.

Namna ipo, na alinifundisha mwanawe, aliyeisoma katika jarida. Unachora mistari ya chaki kuanzia ukingo wa tairi, pale panapokanyaga ardhi, kushuka ubavuni. Kisha unaendesha kwenye kona kali, unarudi, unatazama. Chaki ikifutika mpaka chini kwenye maandishi ya ubavuni, tairi ni laini mno, linalalia ubavu. Ikibaki yote mpaka ukingoni, ni gumu mno, linakanyaga kwa katikati tu. Unataka ifutike mpaka kwenye pembe, pale tairi linapopindia ubavuni, isishuke zaidi. Mwenye duka aliinama mwenyewe kuchora. Nilizunguka, nikarudi, akapiga magoti kutazama, mimi nikaongeza upepo kwa pampu ya mguu, naye akachora tena. Tukaona pia kwamba matairi yakisimama juani upepo wake unapanda, geji inasoma zaidi upande wa jua kuliko wa kivuli. Basi tukawa tunayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji.

Kufikia mwisho wa kiangazi gari lilinitii. Nilijua litafanya nini kabla halijafanya. Ukilikata kwenye kona, mkia ulitoka kidogo, nikaukamata kwa usukani, na gari likageuka bila kupoteza mwendo. Upande wa kulia, ninapokaa, nilikuwa nimeiinua springi kidogo kwa kipande cha chuma ili gari lisiinamie uzito wangu. Lilikuwa limekaa mwilini mwangu kama koti la fundi mzuri.

Tukaenda kilabuni kuandikisha jina. Mzungu aliyesimamia mashindano alikuwa mhandisi wa barabara, si mtu mbaya wa maneno. Aliwahi kunisaidia kulikwamua lori Mkalama. Alilizunguka gari, akalisifu. Kisha akauliza nani anaendesha. Mwenye duka akanionyesha mimi.

Mzungu akashusha sauti. "Haiwezekani. Sheria ya kilabu. Dereva wa Kiafrika hapana."

"Yeye ndiye analijua gari," mwenye duka akasema.

"Naelewa. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Endesha wewe mwenyewe, au tafuta Mhindi mwenzako."

Nilikuwa nimesimama pale pale, kofia mkononi. Niliwahi kuendesha lori la risasi usiku bila taa, nikiambiwa maisha ya watu yanategemea mikono yangu, na walioniambia walikuwa na rangi ile ile ya yule mhandisi. Sikusema hivyo. Nilivaa kofia yangu, nikatembea kwa miguu kwenda nyumbani kwangu, ukingoni mwa mji, nikaliacha gari pale na mwenyewe.

Mke wangu alikuwa akipeta mtama uani. Nilipomsimulia, aliweka ungo chini.

"Na yeye alijibu nini?"

"Alisema tu kwamba mimi ndiye ninayelijua gari."

"Basi na wewe usirudi. Gari umelitengeneza kwa mikono yako, halafu ukashikie watu nguo pembeni? Usirudi."

Jua lilikuwa halijazama nilipolisikia gari lenyewe likija, likikohoa, gia zikilia. Mwenye duka aliliendesha peke yake mpaka mlangoni kwangu. Miaka yote hakuwahi kufika. Mke wangu, pamoja na hasira zake, aliinuka na kupiga goti kidogo: "Shikamoo."

"Marahaba, mama." Akanigeukia. "Kilabu wanasema dereva ni lazima mimi. Nimewauliza sheria inasema nini juu ya mtu wa kukaa pembeni. Haisemi kitu. Nakuomba ukae pembeni yangu. Mimi sijui kona. Wewe useme, mimi nifuate."

"Bwana, kwa nini unalitaka jambo hili?" nikamuuliza.

Alitazama chini. "Nilimwita mjinga," akasema. "Ulikuwapo. Sikupata kumwambia neno jingine, akawa hanijui tena."

Mke wangu aliingia ndani. Alirudi na kigoda, akamwekea, akamletea maji ya kunywa kwenye bilauri yetu. Akayanywa yote. Wakati ule Mhindu wa rika lake kunywa maji nyumbani kwetu halikuwa jambo dogo, na mke wangu alilijua hilo. Aliniangalia, akasema kwa Kinyaturu niende.

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya, maana gari nililokuwa nimelitengeneza lilikuwa la mtu mmoja, tena mtu huyo mimi. Sasa lilikuwa na wawili, mmoja wao mzito. Nyuma lilishuka mpaka ekseli ikagonga chasisi kwenye matuta. Nikarudisha mabamba niliyoyatoa, lakini kwanza nikayakata mafupi na kuyapunguza unene kwa tupa, yasaidie bila kufanya gari liruke tena. Kile kipande cha chuma cha upande wa kulia nikakiondoa, kwa sababu tulipokaa wote wawili uzito ulikaribia kulingana.

Lililonipa kazi zaidi ni mikono yake. Aliendesha kama wanavyoendesha watu waliojifunza zamani katika magari mazito: anaingia kwenye kona, anaogopa, anakanyaga breki katikati yake. Mkia unaotoka kidogo, ambao kwangu ulikuwa msaada, kwake ungekuwa ajali. Nikapunguza upepo wa nyuma, nikaongeza wa mbele, nikapima kwa chaki, nikarudia, mpaka likawa gari ambalo mbele yake ndiyo inayoanza kuteleza. Gari la namna hiyo haligeuki upesi. Lakini likishindwa, linakwenda mbele polepole, halikugeuzii mgongo. Niliharibu wepesi wote nilioutafuta kiangazi kizima. Nilifanya hivyo kwa kupenda, ingawa siwezi kusema haikuniuma.

Siku ya mashindano upepo wa Singida ulivuma tangu asubuhi, ukipeperusha chumvi machoni. Wazungu walikuwa chini ya turubai lao, Wahindi upande wa pili karibu na magari yao, na watu wetu wengi juu ya mawe makubwa wakitazama. Niliondoa magunia kwenye matairi, nikapima mara ya mwisho, nikaingia upande wa kushoto. Nilisikia mtu turubaini akicheka.

Kila gari lilipewa nafasi mbili. Ya kwanza tuliipoteza. Alisahau kila nilichomfundisha, akagonga pipa, injini ikazimika, ikabidi nishuke nikasukume. Juu ya mawe watu walipiga kelele. Tuliporudi kwenye mstari alikuwa bado akilitazama lile pipa.

"Mzee," nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo. Siku zote nilimwita Bwana. "Usitazame pipa. Tazama mahali unapotaka kwenda. Breki kabla ya kona, si ndani yake. Mimi nitasema."

Bendera ikashuka. "Kanyaga mafuta," nikasema, "mafuta, sasa breki, acha, kata kulia." Akakata. Mbele ikateleza kidogo, ikashika, tukapita. "Kushoto. Polepole. Mafuta." Nilihisi springi chini yetu zikijibana na kujiachia, tuta baada ya tuta, magurudumu yote ardhini. Kwenye kona ya mbali, karibu na maji, hakungoja niseme. Alifunga breki mahali pake, akakata, akafungua. Na akaanza kuzungumza. Hakuwa akizungumza na mimi. Ilikuwa lugha yao, sauti ya chini, ya mtu anayeongea na aliye karibu. Nilisikia jina la mwanawe. Nikanyamaza. Sehemu iliyobaki alijiongoza mwenyewe.

Hatukushinda. Magari mengi yalikuwa na mwendo mkali kuliko letu, na mhandisi alitangaza muda wetu kwa sauti ya heshima, watu wakapiga makofi kiasi. Mzee alizima injini, akakaa ameshika usukani, machozi yakishuka wazi mbele ya wote, wala hakuyafuta.

Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika, yule mhandisi alinijia. "Kama unataka," akasema, "zunguka mara moja sasa. Hakuna saa, lakini hakuna atakayekuzuia."

"Asante," nikamjibu. "Nina magurudumu ya kukagua."

Akaondoka.

Tulipofika nyumbani kwa Mzee, mama wa kijana alikuwa amesimama mlangoni. Tangu msiba hakuwa ametoka nje. Alivaa nguo nyeupe, amepungua hata bangili zake zimeteremka mpaka kwenye vidole. Alilitazama gari, akamwambia mumewe neno. Mzee akanigeukia.

"Mama anataka kupanda. Anataka uendeshe wewe."

Nikamfungulia mlango. Tukatoka mjini taratibu, watu wakituangalia, mpaka ziwani. Uwanda ulikuwa mtupu, mapipa bado hayajaondolewa. Nilitaka kumzungusha kwa upole kisha nimrudishe.

"Angeendesha hivi?" akauliza.

"Hapana, mama. Angekwenda kasi."

"Basi endesha kama yeye."

Niliendesha. Nilipita njia yote ya mapipa, kila kona, kwa mwendo ambao gari lile lililolainishwa liliuweza, na kidogo zaidi. Nguo yake nyeupe ilipepea nyuma yetu. Mkono mmoja alishika mlango, mwingine aliuweka juu ya dashibodi, vidole vimetanuliwa, kama mama anavyoweka mkono juu ya kifua cha mtoto mwenye homa. Hakulia, hakupiga kelele. Nilipomaliza alisema nirudie, nikarudia. Kisha akasema inatosha, twende nyumbani, baba atakuwa hajala.

Mzee aliendelea kulitumia gari lile kwenda dukani mpaka magoti yalipomkataa. Aliliuza kwa mwalimu mmoja wa Iramba, na mimi nilimpelekea. Mwalimu alilijaribu, akasema nyuma ni laini mno kwa mtu mwenye mizigo na watoto, akaniomba nimfungie springi za kawaida. Nikamfungia. Barabara ya kwao ilikuwa ya mawe, na alihitaji gari la kumfikisha shule.